Nusu ya Uso wa Wilondja

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Miguu ingali mizima, mikono haitetemeki, hata mgongo, ambao nilitegemea uwe wa kwanza kulalamika, umevumilia. Lakini mtu wa serigrafi, wa kuchapa picha kwa fremu na rangi, anayeuliza wenzake kama rangi imetoka nje ya mstari hana kazi tena, ana ukaidi tu. Siku nilipochapa bango la chanjo, mtoto wa kwenye picha akatoka na midomo mahali pa kidevu na wateja wakacheka mbele yangu, nilivua tablie, aproni yangu ya kazi, nikaitundika kwenye msumari. Nyinyi mliobaki pale atelie, karakana yetu ya Baraka, mliniomba niandike namna tulivyofanya kazi kabla ya kompyuta. Haya, naandika. Habari za nani alipandishwa cheo hamtazikuta humu. Tulikuwa watu watatu, cheo kingetoka wapi?

Nilifika nikiwa kijana, nimeshuka kutoka Fizi kwa miguu na mfuko mmoja wa nguo. Mwenye atelie alikuwa Fundi Alimasi, mtu wa Baraka hapa hapa, wa zile familia za Waislamu wa kando ya ziwa. Mfupi, mkali kwa vitu vidogo, mpole kwa vikubwa. Nilitegemea anipe wino nianze kuchapa. Akanipa fremu ya mbao yenye kitambaa chembamba, imejaa rangi iliyoganda.

“We Etabo, unajua kuosha sahani?”

“Najua, Fundi.”

“Basi osha hii. Nikiona hata tundu moja imeziba, unarudi kwenu Fizi.”

Nikaosha siku tatu. Siku ya nne akainyanyua juu kwenye mwanga, akaigeuza, akasema tu, “Leta ingine.” Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa kabisa, na nilikuja kuizoea.

Kwa atakayesoma bila kuijua kazi, nieleze kidogo. Kile kitambaa cha fremu tunakipaka dawa inayoogopa mwanga. Tunachora picha kwa wino mweusi juu ya karatasi ya kalki, ile inayopitisha mwanga, tunailaza chini ya kioo pamoja na fremu, tunaipeleka juani. Palipopigwa na jua dawa inakuwa ngumu. Palipofunikwa na wino inabaki laini, na ukimwaga maji inatoka. Hapo rangi itapita. Unaisukuma kwa mpira wa mkononi, rakleti, na picha inakaa kwenye karatasi au kwenye fulana. Kila rangi na fremu yake. Rangi tano, fremu tano. Nyeupe-nyeupe kwanza, nyeusi mwisho, maana nyeusi ndiyo inayobeba sura za watu.

Shida ilikuwa kupima jua. Ukizidisha, dawa haitoki hata uisugue. Ukipunguza, picha yote inateremka na maji. Saa hatukuwa nayo. Fundi alihesabu kwa karanga. Alikaa kwenye kigoda kando ya fremu, anakula moja moja bila haraka. Jua kali, karanga arobaini. Wingu jepesi, sitini. Mwezi wa Ramadhani ulipofika akaniita mimi Mprotestanti nikae kwenye kigoda, nile kwa niaba ya kazi, yeye akinitazama taya nisije nikaharakisha. Ole wako umeze mbili kwa mara moja! Hadi leo nikiona karanga natafuta jua liko wapi.

Makosa yangu ya kwanza nayajua yote. Niliweka kalki nyuma mbele nikachapa jezi za timu nzima herufi zikiwa kinyume. Kapiteni akazivaa hivyo hivyo, akasema wapinzani watachelewa kuzisoma, watapoteza mpira. Walifungwa mabao manne. Yale yalikuwa makosa ya kucheka. Lile la kweli nililifanya nikiwa tayari fundi, tena nikidhani nimeleta maendeleo.

Fundi alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja. Mtu akileta foto tuichape, labda ya marehemu kwa fulana za kumaliza matanga, au ya bibi na bwana kwa kalenda ya ndoa, Fundi aligeuza ile foto, akachukua penseli laini, akauliza: “Huyu ni nani? Nani amemuleta? Anatoka wapi?” Akaandika yote nyuma ya foto, polepole, hata kama mlangoni wamepanga mstari. Mimi nilisimama pale nimeona haya kwa ajili ya wateja. Alipofariki, Mungu amrehemu, na atelie ikabaki mikononi mwangu, kitu cha kwanza nilichobadilisha ni hicho. Nikaweka namba. Namba nyuma ya foto, namba hiyo hiyo kwenye kipande cha karatasi anachoondoka nacho mteja, na majina ndani ya daftari. Haraka, safi, ya kisasa. Nilijipongeza mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Kisha ziwa likapanda. Nyinyi wengine mnaikumbuka ile mvua, maji yalivyoingia mpaka kwenye nyumba za barabara ya pili. Foto zilikuwa juu ya rafu ndani ya kopo la biskuti, zikapona. Daftari lilikuwa kwenye droo ya chini. Nilipolitoa lilikuwa uji. Nikabaki na kopo zima la watu wenye namba na wasio na majina. Wengine walikuja wenyewe, wakaonyesha kwa kidole, wakachukua wao. Wengi hawakuja. Nikajiambia wametupa, wamesahau, wamepata foto nyingine. Wakati huo huo nilijua vizuri, kama mtu yeyote wa Baraka, ni watu wangapi walikimbia vita, wakavuka ziwa usiku mmoja wakaishi kambini ng’ambo miaka na miaka. Nilijua, na sikuyaunganisha haya mawili. Mpaka leo najiuliza ni kitu gani kilichonizuia.

Sasa nifike kwa Neema. Ni binti wa kijiji cha Lubondja, baba yake analima mihogo kule, yeye akaenda kusoma sanaa Kinshasa na akarudi na nywele fupi na maneno marefu. Aliingia atelie miaka miwili iliyopita, akasema anataka kuchapa picha moja, kubwa, iliyotengenezwa kwa vipande. Vipande vya nini? Vya kila kitu. Akamwaga mfuko wake juu ya meza yangu. Katoni ya sabuni, ukurasa wa daftari la hesabu la mtoto wenye alama nyekundu za mwalimu, kipande cha kitenge kilichopauka, soli ya kandambili, gunia la sukari, foto aliyopiga ya beseni la ndakala, dagaa wetu, sokoni. Nikamuuliza kama amekuja kuchapa au kutupa takataka.

“Papa Etabo, ngoja kwanza uone.”

Nikangoja, nikaona. Alikata na kupanga siku nne bila kubandika kitu. Anasogeza ndakala wanakuwa mvua juu ya mabati, anageuza ukurasa wa hesabu unakuwa ukuta wa nyumba, anaweka soli ya kandambili pale ambapo ungetegemea mtumbwi. Na ilikuwa Baraka! Si Baraka ya kwenye kalenda, yenye ziwa la bluu na jua la machungwa. Ilikuwa Baraka jinsi unavyoiona ukiwa na haraka asubuhi, jicho linaokota hiki, linaacha kile. Niliweka rakleti chini. Nimechapa maelfu ya vitu maishani na hakuna kimoja kilichokuwa kimenifanya niiweke chini.

Tuligombana juu ya hesabu. Alitaka karatasi ishirini na tano tu, halafu fremu zioshwe.

“Kazi yote hii kwa karatasi ishirini na tano?”

“Tukichapa mingi haiko tena sanaa, Papa.”

“Inakuwa nini?”

“Inakuwa bango.”

“Na bango iko na kosa gani? Bango njo imenilelea batoto saba.”

Akacheka, lakini hakuongeza hata moja.

Kilichopungua kwenye picha yake kilikuwa watu. Akasema anataka uso mmoja wa zamani, wa studio, wenye tai, unaochungulia kutoka nyuma ya katoni ya sabuni. Nikaenda mwenyewe kuleta lile kopo. Nataka mlisome hili polepole: nilikwenda mwenyewe. Akauliza, “Hawa habana wenyewe?” Nikasema hawana. Nikachagua mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua foto ipi ina nyeusi nzuri. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amesimama, mkono mmoja juu ya usukani wa baiskeli, tai imefungwa na mtu asiyezoea tai. Nyuma, namba 112. Neema akachora mstari wa penseli katikati ya uso, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mtulivu kuliko wake, nikachukua wembe nikakata. Nusu ya kulia, kulia kwake yeye, ikaingia nyuma ya katoni. Mkono na baiskeli vikaenda kona ya chini. Nusu ya kushoto aliijaribu hapa na pale, haikukaa, tukaifagia na mabaki mengine, na mabaki tulichoma.

Tulichapa rangi nane, wiki tatu. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitajifanya mnyenyekevu juu ya hilo. Neema alipeleka picha zake mjini, ile ya kubandikwa yenyewe, yenye vipande halisi, akaiuza kwa mtu wa mbali, na mimi akanipa karatasi ya nne. Nikaiweka ndani ya kioo, ukutani, nyuma ya meza ya kupokea wateja.

Mwaka jana, siku ya Jumatatu, akaingia mama mmoja mwenye umri wa kunikaribia. Amevaa kitenge safi, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Nundu. Akanisalimu kwa heshima, akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikalainika kama kitambaa.

“Jina yangu Mama Apolina, Fundi. Nimekuya kuchukua foto ya bwana yangu, Wilondja. Niliiletaka hapa mutengeneze fulana za matanga yake. Kisha vita ikatukuta, tukavuka.”

Kwenye karatasi ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, 112.

Sijui mngefanya nini. Mimi nilifanya uoga. Nikasema, “Ngoja nitafute, Mama,” nikavuta lile kopo nikainama nikaanza kupekua foto nilizozijua zote, moja moja, kana kwamba Wilondja angeweza kuwa amejificha katikati yao. Kisha nikasikia sauti yake kutoka upande mwingine.

“Fundi. Acha kutafuta. Iko hapa.”

Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kidole juu ya kioo.

“Njo yeye. Na hii njo mukono yake.” Kidole kikashuka mpaka kona ya chini, kikarudi juu. “Nani alimukata?”

“Mi, Mama.”

“Na ile nusu ingine?”

“Haiko tena. Tulichoma.”

Nilitegemea atapiga kelele. Ningefurahi apige kelele. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka mikono juu ya magoti.

“Nyumba ilichomwa, na vyote vilikuwa ndani,” akasema. “Nilibakiaka na hii karatasi tu. Niko na mutoto, Sifa. Alizaliwa kambini, baba yake alikuwa tayari kaburini. Miaka yote anaulizaka: baba alikuwa namna gani? Ninamuambia, tukirudi Baraka utamuona, foto yake iko kwa fundi. Siku ya posho anakuya, Fundi. Nitamuonyesha nini? Nusu?”

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na ninaiona tena nikiandika. Nikamwomba msamaha, nikamwomba anipe mpaka hiyo siku ya posho, yaani Jumamosi. Hakusema ndiyo. Alisema tu, “Mi nilikuamini,” akatoka.

Alipoondoka nilitoa kalki nyeusi ya picha ya Neema. Kalki hatutupi, hilo angalau sikulibadilisha. Nikaikuza kwa mkono, mraba kwa mraba. Nikarudisha mkono kwenye bega, tai kwenye shingo, baiskeli mahali pake. Siku ya tatu Wilondja alikuwa amesimama tena, mzima, isipokuwa nusu ya uso, nyeupe kama ukuta; ile iliyochomwa sikuikumbuka hata kidogo, siku ile nilitazama weusi tu. Nikajaribu njia ya mkato: nikageuza kalki, nikapiga chapa nusu ya kulia upande wa kushoto. Jicho kwa jicho, shavu kwa shavu. Kwa mbali ilipendeza. Nikajiambia, nani atajua?

Jumamosi wakaja wawili. Binti alibaki karibu na mlango, kitambaa cha kichwa amekishusha upande mmoja mpaka kwenye shavu. Mama Apolina akaishika ile karatasi niliyochapa kwa mikono miwili. Hakuhitaji muda.

“Huyu haiko yeye.”

“Mama, ni nusu ile ile, nimeigeuza tu.”

“Ninaona. Umenitengenezea mutu wa kalandari. Wilondja hakuwa sawasawa hivi. Jicho yake ya kushoto ilikuwa nusu imefunga, tangu kuzaliwa, na nyusi yake imepanda juu. Ukimuambia kitu anakuangalia na hii nzima, lakini anayekusikiliza ni ile ingine.” Akaweka karatasi mezani, akageuka. “Sifa, kuya. Toa hiyo kitambaa.”

“Mama, hapana. Mbele ya batu?”

“Toa, mwanangu.”

Binti akakitoa, uso ameuinamisha chini. Kope la kushoto lilikuwa limelala mpaka katikati ya jicho, na nyusi juu yake imepanda kama inayouliza jambo. Alikuwa binti mzuri, miaka kumi na tisa hivi, na ilionekana wazi ni mara ngapi amechekwa. Mama yake akamshika kidevu, akamwinua uso kuelekea dirishani.

“Chora hii,” akaniambia.

Nikatandika ile kalki yenye nusu ya uso tupu, nikavuta kigoda. Kwa macho yangu ilinibidi nimsogelee sana, nikamwomba radhi, akatikisa kichwa kuwa si kitu. Nilichora kope kwanza, kisha mkunjo wa chini, kisha ile nyusi. Mkono ulikuwa unataka kusawazisha, miaka arobaini ya kunyoosha watu kwenye kalenda haitoki kirahisi, na kila ulipotaka nikaukatalia. Shavu na pembe ya mdomo alinielekeza Mama Apolina, amesimama begani kwangu: ongeza, punguza, hapo, ee, hapo hapo. Mara moja akacheka peke yake, akakataa kusema anacheka nini.

Nilipokuwa naimalizia nyusi binti akasema, si kwangu, alisema tu:

“Mama alikuwa ananiambiaka, hiyo jicho ni ya baba yako. Mi nilizania ananituliza.”

Nilianika fremu juani na kalki yake, nikahesabu karanga zangu, nikaosha. Nikalaza karatasi nzuri, ya zile alizoacha Neema, nikavuta rakleti mara moja tu. Nikainua fremu.

Sifa alisogea. Alifunika kwa kiganja upande wa baba yake, akatazama uliobaki. Akahamisha kiganja, akafunika ule wake, akatazama wa baba. Kisha akaondoa mkono kabisa, akaegemea meza, akaangalia mzima, na sisi wazee wawili tukajifanya tunatafuta kitu cha kufuta meza.

“Itakauka saa ngapi?” akauliza.

“Kama jua halikimbii, utaichukua leo leo.”

“Basi tutangoja.” Akamgeukia mama yake. “Una njaa? Niliona maandazi pale barabarani.”

Akatoka nje kwenye jua na watu wa siku ya soko, na kitambaa chake kikabaki juu ya meza.